Alama za shuleni ndani ya mtihani wa taifa: nani anamkagua anayezitoa?

#1 Chaki Nyeupe
Wadau, salaam. Naomba tulijadili hili kwa utulivu.

Nafundisha sekondari. Kila msimu wa kutuma alama za upimaji endelevu, yaani zile za kazi na majaribio ya shuleni, ukifika, roho inaniuma. Mtihani wa mwisho tunaulinda kwa bahasha zilizofungwa kwa lakiri, wasimamizi kutoka shule nyingine, namba badala ya majina, na wasahihishaji wasiomjua mtoto wala mzazi wake. Halafu sehemu nyingine ya matokeo yaleyale inatolewa na mwalimu wa mtoto mwenyewe, peke yake, huku mkuu wa shule akisubiri kupimwa kwa ufaulu wa watoto haohao.

Kuna wakati nilipewa karatasi za alama za darasa moja nizihakiki kabla hazijaingizwa kwenye mfumo. Alama za mihula minne, kalamu moja, mwandiko mmoja, wino haujapauka hata kwenye safu ya kwanza. Hakuna aliye chini ya 60. Na kuna mwanafunzi aliyehamia pale mwaka wa pili, lakini ana alama za mwaka wa kwanza za shule ile, masomo yote. Walimfanyia mtihani kabla hajafika.

Dai langu: alama za shule zisiingie kwenye cheti mpaka awepo mtu wa nje anayezikagua. Karibuni.

#2 Kibuyu
Umegusa donda. Naweka kambi hapa.

#3 Mzee wa Rejesta
Mwalimu, hoja yako nzito, ila usimwage maji pamoja na mtungi. Vijana wengi humu wanadhani alama endelevu ni mambo ya juzi. Tanzania zilitokana na Azimio la Musoma la 1974, azimio la chama cha TANU kuhusu elimu, zikaanza kutumika 1976, na zilibeba nusu ya matokeo. Mantiki yake ilikuwa safi: karatasi ya saa tatu haiwezi kupima kazi ya mikono, bidii, wala uwezo wa kukaa na tatizo wiki nzima. Na mtoto akiamka na homa siku ya mtihani, miaka yake minne inapotea asubuhi moja.

Mantiki hiyo haijafa. Kilichokufa ni ukaguzi. Zamani mkaguzi alikuwa anakuja, anaomba madaftari ya mazoezi, anayalinganisha na rejesta mbele yako. Rejesta ikisema zoezi lilifanyika Machi, daftari lioneshe Machi.

#4 Fundi Saa
Mzee, kwani hizi hazikuletwa 2013 pamoja na lile daraja la tano?

#5 Mzee wa Rejesta
Hapana, Fundi. Kilichotangazwa Oktoba 2013 ni mgawanyo mpya, alama 40 za shule na 60 za mtihani wa mwisho, na hilo daraja la tano lililowekwa badala ya sifuri, likazua kelele. Zenyewe zilikuwepo miongo mitatu na zaidi. Na kumbuka tangazo lilikuja lini: miezi michache baada ya matokeo ya kidato cha nne ya 2012, ambayo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri na serikali ikaagiza yapangwe upya. Watu walipoona alama za shule zinapewa nafasi wakati uleule, wakahisi zinatumika kupandisha ufaulu. Imani ya watu kwa hizi alama iliumia hapo.

#6 Mpima
Nafanya kazi ya takwimu za elimu. Tatizo la alama za kupika lina dawa ya siku nyingi, kuzilinganisha na mtihani wenyewe.

Chukua shule mbili. Shule A imetuma wastani wa 82, watoto wake wakapata wastani wa 41 kwenye karatasi ya mwisho. Shule B imetuma 58, karatasi ikawapa 57. Baraza la mitihani halina haja ya kumwita mtu mwongo. Linazishusha alama zote za A mpaka wastani ukae karibu na 41, na mtawanyiko, yaani jinsi alama zinavyoachana, ufanane na ule wa karatasi. Mpangilio haugusiki: wa kwanza darasani anabaki wa kwanza, wa mwisho anabaki wa mwisho. New South Wales kule Australia wanafanya hivi, na alama za shule ni nusu nzima ya matokeo yao ya HSC, cheti cha kumaliza sekondari. Hong Kong wanafanya hivi kwenye masomo mengi yenye alama za shule katika HKDSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari. Mwalimu akishajua kwamba kupika hakumwongezei kitu, sababu ya kupika inaisha.

#7 Dada wa Maabara
Mkuu Mpima, hapo umejibu swali la shule dhidi ya shule. La mtoto dhidi ya mtoto bado.

Umesema mwenyewe mpangilio haugusiki. Sasa mwalimu akimpa nafasi ya kwanza mtoto wa mjumbe wa bodi, na yule binti anayejua kweli akamweka wa tano, hesabu yako inaupokea uongo huo kama ulivyo na kuupiga muhuri. Mimi kilichowahi kunitoa machozi ni hicho hasa. Wastani wa shule uko sawa kabisa, wala hakuna wa kushtuka, lakini ndani ya darasa watoto wamebadilishiwa viti.

#8 Nyuki
Naongezea jingine kwa Mpima. Shule zinazowapa wote 90 na kitu zinadhani zinawasaidia watoto. Chukua darasa ambalo alama za shule zimebanana, mtawanyiko wake ni 1.5 tu. Kwenye karatasi ya mwisho darasa hilohilo likawa na mtawanyiko wa 15. Mkivuta alama za shule zifanane na karatasi, kila alama moja inakuwa kumi. Mtoto mwenye 91 na mwenzake mwenye 94, ambao mwalimu aliwatofautisha kwa kukadiria tu, wanaachana kwa alama 30. Sijui kama kuna mkuu wa shule anayelijua hili. Laiti wangelijua wangeacha kugawa 90 kama karanga.

#9 Mpima
Nyuki yuko sahihi, na ndiyo maana mabaraza makini yanawaonya walimu watumie ngazi yote ya alama. Dada wa Maabara naye ana hoja. Takwimu haioni upendeleo wa ndani, inaouona ni ule wa jumla tu.

#10 Mama wa Watatu
Samahani, mimi si mwalimu, ni mzazi. Naomba kuuliza kitu chepesi. Kwa nini mtoto haoni alama hizo kabla hazijatumwa?

Mwanangu alihama shule akiwa katikati ya safari. Alama zake za nyuma hazikufika kwa wakati. Shule mpya ikasema itaweka za kwake, shule ya zamani ikasema imeshatuma. Mpaka leo sijui kilichoandikwa ni nini, na nani alikiandika. Karatasi ya mtihani ana haki ya kukata rufaa isahihishwe upya. Kwa hizi alama za shule, ningeenda mlango gani?

#11 Chaki Nyeupe
Mama, swali lako si jepesi hata kidogo. Mwanafunzi aliyehama ndiye wa kwanza kuumia, kwa sababu yuko kati ya rejesta mbili na hakuna anayeona ni wake. Yule niliyemtaja #1 alipikiwa. Wako pengine aliwekewa chochote kilichopatikana.

#12 Kijana wa Juzi
Nimemaliza shule hivi karibuni, niwape habari kutoka upande wa dawati. Kazi mradi hazifanywi na wanafunzi. Kuna mchapaji ana faili kwenye kompyuta, anabadilisha jina na namba, anachapa. Rafiki yangu alikabidhi mradi wa ufugaji wa samaki ambao ukurasa wa tatu ulikuwa bado na jina la shule nyingine. Alipata 17 kati ya 20. Mwenzetu mwingine alifuga kuku kweli, akaandika kwa mkono, na vifo vya vifaranga akaviandika kama vilivyotokea. Akapata 12 kwa sababu eti kazi yake haikuwa safi.

Na sasa hata mchapaji hahitajiki. Programu ya akili mnemba inaandika mradi mzima na takwimu zake za kubuni ndani ya dakika.

#13 Kibuyu
Huyo wa kuku apewe cheti chake leo.

#14 Dada wa Maabara
Kijana, hili la akili mnemba lina jibu na halihitaji mtambo wa kunasa maandishi, mitambo hiyo inakosea na kuwasingizia wasio na hatia. Mwanafunzi aitetee kazi yake kwa mdomo. Mimi nakaa naye na kazi yake mezani, naweka kidole kwenye namba moja: hii 36 uliipataje? Ulipimia nini? Siku ya pili ulikuta nini? Aliyefanya anajibu hata kama Kiingereza kinampiga chenga, namruhusu aeleze kwa Kiswahili. Ambaye hakufanya anaanza kutazama dari kwenye swali la pili. Wa kuku angetamba hapo.

Halafu natia alama kwenye rasimu zake, si toleo la mwisho peke yake. Rasimu ya kwanza, nilichomwambia arekebishe, alichorekebisha. Faili la rasimu tatu ni gumu kulighushi kuliko kitabu kimoja kilichojaladiwa vizuri.

#15 Fundi Saa
Dada, unafundisha wangapi?

#16 Nyuki
Fundi kauliza swali lenyewe. Mwalimu mwenye mikondo minne ya watoto 60 ana watoto 240. Dakika tano kwa kila mmoja ni dakika 1,200, yaani saa 20 kamili za kusikiliza tu, kwa somo moja, kwa mradi mmoja. Bado hajafundisha wala hajasahihisha. Hapa ndipo naachana na mleta mada. Anaona uongo, mimi naona uchovu. Wale wanaojaza mihula minne kwa kalamu moja wengi wao hawana nia ya kuiba. Walidaiwa vipimo ambavyo hawakuwa na muda wa kuvifanya, tarehe ya mwisho ikafika, wakajaza.

#17 Chaki Nyeupe
Nyuki, uchovu naujua, naufanyia kazi kila siku. Lakini uchovu ungezaa alama za hovyo kwa pande zote, nyingine juu, nyingine chini. Mbona zote zinaegemea juu?

#18 Nyuki
Kwa sababu mwalimu asiye na ushahidi wa alama ya chini hawezi kuitetea mbele ya mzazi. Ya juu haiulizwi na mtu.

#19 Jirani wa Kaskazini
Hamjambo wadau. Niwape ya kwetu Kenya. Kwa tathmini ya gredi ya sita, KPSEA, iliyofanywa mara ya kwanza 2022, asilimia 60 inatoka kwa tathmini za shuleni na 40 kwa mtihani. KNEC, baraza letu la mitihani, yenyewe ndiyo inayotayarisha kazi za tathmini, shule inazipakua, mwalimu anasimamia, anasahihisha na kupakia alama. Kwa hiyo mwalimu hatungi swali rahisi la kuwabeba wake. Lakini kusahihisha bado ni yeye.

Jambo jingine. KPSEA haitumiki kumchuja mtoto asiendelee, wote wanaingia gredi ya saba, kwa hivyo presha ya kudanganya ni ndogo. KJSEA ya gredi ya tisa, iliyoanza 2025, ni tofauti. Hapo alama zinachangia kumpangia mtoto shule ya upili: 20 kutoka KPSEA, 20 za shuleni, 60 za mtihani. Mimi ningeangalia kama alama za shule zitapanda ghafla pale ambapo zina thamani.

#20 Kalamu Mbili
Na Uganda nao nasikia wameweka nusu kwa nusu.

#21 Jirani wa Kaskazini
La, ndugu. Uganda ni alama 20 za shule kwa 80 za mtihani kwenye UCE, mtihani wao wa kidato cha nne, ya mtaala mpya, kundi la kwanza lilifanya 2024. Afrika Kusini ni 25 kwa 75 kwenye mtihani wao wa mwisho wa sekondari, na Umalusi, chombo chao cha kusimamia ubora, ndio wanaohakiki alama za shule kabla hazijakubaliwa.

#22 Kalamu Mbili
Sawa, shukrani. Lakini tusiitukuze takwimu ya Mpima kupita kiasi. Mnakumbuka Uingereza 2020? Mitihani ilifutwa kwa sababu ya korona, shule zikapendekeza alama, kompyuta ikazishusha karibu asilimia 40 za A-level, mtihani wao wa kumaliza sekondari. Wanafunzi wakaingia barabarani na serikali ikarudi nyuma Agosti 17. Mtoto hodari wa shule duni aliadhibiwa kwa historia ya waliomtangulia.

#23 Mpima
Mfano huo ni wa kweli, ila si kitu kilekile. Ninachosema mimi kinatumia mtihani ambao watoto haohao wameufanya mwaka huohuo. Uingereza 2020 hapakuwa na mtihani, kwa hiyo walitumia matokeo ya shule ya miaka iliyopita. Waliokuwa kwenye madarasa makubwa walibanwa na historia, madarasa madogo sana yakaachiwa alama za walimu, na madarasa madogo yalikuwa mengi zaidi shule binafsi. Kosa ni kumhukumu mtoto kwa karatasi ambayo hakuiandika yeye.

Ila na upande wa pili uonekane. Zilipokubaliwa alama za walimu kama zilivyo, A na A* za A-level kule England zilipanda kutoka takribani asilimia 25 mwaka 2019 hadi karibu 38. Sidhani kama walimu wote wale walikuwa wadanganyifu. Kila mwalimu alimpa mwanafunzi wake matokeo ya siku yake nzuri, na siku nzuri za wote zikijumlishwa zinatoa taifa lisilokuwepo.

#24 Mzee wa Rejesta
Hayo ya siku nzuri yamenigusa. Mwalimu anayempenda mtoto ni hatari kwa mizani kama anayemchukia.

#25 Mwanasheria wa Kijiweni
Anayemchukia, au anayemtaka. Tusilipite hili kimyakimya. Alama inapokuwa mikononi mwa mtu mmoja, binti anaweza kuambiwa alama yake iko ofisini, aifuate jioni. Tanzania kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinalifanya hilo kuwa kosa la jinai. Lakini binti atathibitishaje kwamba alistahili 70 na si 35, kama kazi yake haikuhifadhiwa? Kwa hiyo kila kazi inayoingia kwenye cheti ibaki kabatini mpaka muda wa rufaa upite, na isahihishwe na mwalimu mwingine asiyeona jina. Kwangu mimi hili linatangulia hesabu zote za wastani.

#26 Dada wa Maabara
Naunga mkono kila neno la #25. Na tusisahau wavulana pia huwekewa sifuri kwa ugomvi binafsi na mwalimu.

#27 Fundi Saa
Mimi naona mzizi ni ushindani wa shule. NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kuanzia matokeo yaliyotolewa Januari 2023. Ondoa mashindano, uongo unapungua.

#28 Kibuyu
Fundi, mabango getini bado yapo. Shule zinajipanga zenyewe kwa ufaulu na kutafutia wateja. Nani alibandua bango?

#29 Fundi Saa
Lakini si sawa na kusomwa na Baraza mbele ya nchi nzima.

#30 Mzee wa Rejesta
Mnasahau pia kwamba hata mtihani wa nje una wezi wake. 2018 darasa la saba wilayani Chemba, Dodoma, matokeo ya halmashauri nzima yalifutwa na watoto wakarudia mtihani Oktoba. Bahasha na lakiri vilikuwepo. Kwa hiyo kusema "tuondoe alama za shule, tubaki na karatasi" ni kuhamisha mwizi chumba kingine.

#31 Chaki Nyeupe
Mzee, Chemba ilibainika kwa sababu kulikuwa na utaratibu wa kubaini. Karatasi iliyovuja ina nyayo. Alama niliyoipika mezani kwangu, nyayo zake ziko wapi? Hiyo ndiyo tofauti ninayoililia.

#32 Mpima
Ngoja niwape mfumo ambao unajaribu kuacha nyayo. Queensland, Australia, kwa miongo mingi hawakuwa na mtihani wa nje wa masomo, walimu walikutana kwenye jopo wakalinganisha kazi za shule mbalimbali. Mfumo mpya, ambao kundi lake la kwanza lilimaliza 2020, una alama za shule asilimia 75 kwenye masomo mengi, na 50 kwenye hisabati na sayansi. Lakini shule haimpi mwanafunzi kazi mpaka kazi yenyewe imeidhinishwa na mamlaka. Wakishasahihisha, mamlaka inachagua sampuli ya kazi, na watu wa nje wanathibitisha kama alama inalingana na vigezo.

Msingi wake ni mmoja: anayechagua sampuli si shule. Ukiiachia shule ikuletee kazi tano, italeta tano bora.

#33 Nyuki
Na hao wa kuthibitisha wanatoka wapi? Ni walimu walewale wenye watoto 240. Wanalipwa na nani? Mpaka hilo lijibiwe, mimi ningeanza na kidogo: alama za shule zipunguzwe ziwe kazi mbili tu kwa somo, zifanywe darasani, tarehe moja nchi nzima. Bora kazi mbili za kweli kuliko safu nane za kubuni.

#34 Dada wa Maabara
Nyuki, ukifanya hivyo umetengeneza mitihani miwili midogo. Mfuga kuku anakwenda wapi? Vifaranga havifi kwa tarehe moja nchi nzima.

#35 Nyuki
Mfuga kuku apewe nafasi kwenye cheti, lakini kwenye mstari wake mwenyewe. Cheti kioneshe alama ya mtihani hapa, alama ya shule pale, zisichanganywe. Mwajiri au chuo kiamue kuiamini ipi.

#36 Mpima
Hapo unaiua bila kusema unaiua. Kisichohesabiwa hakifundishwi.

#37 Mama wa Watatu
Wapendwa, mmejadili nchi zote, swali langu #10 limelala. Je, alama zinaweza kubandikwa ukutani kabla hazijatumwa, mtoto azione na atie saini?

#38 Chaki Nyeupe
Mama, kubandika hadharani kunamuumiza aliye chini, watoto wanachekana. Ila kumwonesha kila mmoja alama zake peke yake na kumpa wiki ya kupinga, hilo halihitaji sera mpya wala fedha. Mkuu wa shule anaweza kuliamua kesho asubuhi. Yule aliyehamia mwaka wa pili angekuwa wa kwanza kusema, "Mwalimu, huu mwaka mimi sikuwepo."

#39 Fundi Saa
Angesema? Amewekewa 74 za bure.

#40 Mwanasheria wa Kijiweni
Yeye asingesema. Aliyekaa naye dawati moja na kupata 68 kwa jasho angesema, kama naye ana haki ya kuuliza. Je, tumpe haki ya kuona alama ya mwenzake?

#41 Dada wa Maabara
Hapana. Alama ya mtoto ni siri yake.

#42 Mwanasheria wa Kijiweni
Basi nani ataiona ile 74?